Machela ya Walio Hai

Mama aliposema atakwenda kanisani siku ya Kristo Mfalme, tulicheka. Nilicheka mimi niliyekuwa namkanda miguu, akacheka na jirani aliyekuja kuazima kinu. Yeye hakucheka. Aliendelea kuchambua mchele kwenye ungo, kama mtu aliyekwisha kutoa taarifa na sasa anarudi kwenye kazi yake.

Nyumba yetu iko mlimani, upande wa Ilemela, kati ya mawe. Mgeni akisikia mawe hufikiri vitu vya kuokota. Ya kwetu ni makubwa kuliko nyumba zenyewe, na baba, enzi za uhai wake, alipochoka kupambana na mojawapo, aliligeuza kuwa ukuta wa nyuma wa jiko. Asubuhi linakuwa baridi kama mtungi. Jioni ukiliegemea linakupa joto la jua lililokwisha kuzama. Gari linaishia chini, kwenye maduka. Bodaboda asiyeipenda pikipiki yake hupanda mpaka kwenye bomba la maji. Kuanzia hapo ni miguu yako na mikono yako, jiwe kwa jiwe, mpaka mlangoni kwetu, ambako ziwa lote limetandazwa chini kama shuka iliyoanikwa.

Miguu ya mama haikufa siku moja. Kisukari kiliila polepole, kwanza vidole, kisha ganzi ikapanda mpaka magotini. Mara ya mwisho kushuka kwenda kanisani ilikuwa Kwaresima. Kurudi alipanda akiwa amelishika bega langu, akipumzika kila baada ya hatua chache, na alipofika mlangoni aligeuka akautazama mteremko kwa muda mrefu. Baada ya hapo kiti cha magurudumu alicholetewa na kaka kikawa kinatembea kati ya kitanda na kizingiti, basi.

Kaka yangu anaishi Usagara, kwenye ardhi ya tambarare, na amefanikiwa. Alikuwa na shauri lake, na halikuwa shauri baya.

"Mama, njoo kwangu. Gari linafika mpaka sebuleni."

"Kwani sebule yako ni gereji?"

"Mama, nazungumza kwa uzito."

"Na mimi. Hapa nimezika mume, nimefundisha watoto wa kila nyumba unayoiona, wengine nimewachapa na wazazi wao. Usagara nitamsalimia nani? Magari?"

Walibishana hivyo kwenye simu miezi mingi. Mwishowe kaka akaamua. Angekuja sikukuu ya Kristo Mfalme, kabla mvua hazijachachamaa, amchukue. Mama akamwuliza swali moja tu: "Nikishuka siku hiyo kwenda kanisani, na nikarudi nyumbani kwangu, utaniacha nikae?" Kaka akajibu, "Ukishuka na ukarudi, mama, sitasema tena neno." Alijibu kwa upole, kama unavyomwahidi mtoto kitu kisichoweza kutokea.

Kwa hiyo siku ile ya ungo na mchele hakuwa anatania. Alikuwa anapigania kukaa.

Wiki iliyotangulia sikukuu, jumuiya ilikutana kwetu. Jumuiya ni zile familia chache za Kikatoliki za mlima wetu, zinazokutana nyumba kwa nyumba kusali na kusoma Injili. Tangu mama ashindwe kushuka walikuwa wanapandisha ibada kwake mara kwa mara, na siku ya Bwana alipandishiwa Ekaristi. Walikuwa wema. Mwenyekiti ni mzee wa Kisukuma kutoka upande wa Magu, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na mpaka leo anazungumza kwa sauti ya juu kana kwamba mashine bado zinanguruma nyuma yake. Siku hiyo somo lilihusu ufalme wa Mungu, na yeye ndiye aliyelieleza.

"Ufalme," alisema, "ni kule tutakakokwenda. Hapa tunapita tu. Mateso haya, maji ya shida, kilima hiki, vyote ni vya kuvumilia. Kule hakuna kilima."

"Amina," wakaitikia watu, maana wengi walikuwa bado wanahema.

Mama akanyoosha mkono kama mwanafunzi. "Mwenyekiti, mtu akifa hapa mlimani, anashukaje?"

"Si unajua, mayu," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma. "Kwa machela."

"Nani anambeba?"

"Nani tena! Mlima mzima. Hata Waislamu, hata wale wasiosali popote. Anayekutana na msiba njiani anaingiza bega."

"Na kama mvua inanyesha?"

"Msiba hausubiri mvua."

"Basi Jumapili naomba machela hiyo."

Jirani wa kinu akashika mdomo. Mwenyekiti alitazama dari, akatazama Biblia, akanitazama mimi kana kwamba ningeweza kulirudisha lile neno. "Mwalimu," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya chini, "ile ni ya marehemu."

"Najua ni ya nani. Baba wa watoto hawa ameshuka nayo."

"Mtu hai halali pale. Ni mkosi."

"Mkosi wa nani? Atakayelala ni mimi."

"Sisi tutakaobeba, je?"

Watu wakacheka, cheko la wasiwasi. Mama akasubiri lipite, kama alivyokuwa akisubiri darasa litulie. Kisha akasema jambo ambalo nimelibeba tangu siku ile.

"Yesu hakusema ufalme uko mbali, twendeni. Alisema umekaribia. Kila siku tunaomba uje, hatuombi kwenda. Sasa mimi nataka kujua umefika wapi. Ufalme ni mahali ambapo neno la mfalme linatiiwa, si ndivyo? Hapa mtu akifa, neno linatiiwa: kila mmoja anatoka, anabeba, hakuna anayeuliza huyu ni wa dini gani. Lakini mtu akiwa hai na hawezi kutembea, anaambiwa avumilie. Basi kwenye mlima huu ufalme umewafikia maiti. Mimi naomba unifikie kabla sijawa mmoja wao."

Palikuwa na katekista kijana, mchangamfu, aliyetaka kuokoa hali. "Kwa hiyo Jumapili mwalimu ndiye mfalme wetu!" alisema akipiga makofi. "Abebwe mabegani!"

Mama hakufurahi hata kidogo. Yeye ni Mhaya, amezaliwa kwenye migomba ya upande wa Bukoba, na bibi yake alimsimulia habari za wafalme wa zamani: jinsi walivyobebwa, na jinsi ngoma ilipolia watu walivyoacha mashamba yao wakaenda kubeba. Shamba la familia lilichukuliwa na mfalme, wakabaki kulima migomba waliyoipanda wenyewe kama wageni. Kwetu neno mfalme lilikuwa na ladha ya hofu.

"Usiniite mfalme, mwanangu," alimwambia katekista. "Wale walibebwa na miguu yao ilikuwa mizima. Walibebwa ili waogopwe. Mimi nabebwa kwa sababu siwezi. Mfalme tunayemsherehekea Jumapili aliinama akaosha miguu ya watu. Ukitaka kumwona siku hiyo, mtafute chini ya machela, si juu yake."

Nilikuwa nimekaa mlangoni na birika la chai, na chai ilipoa mikononi mwangu. Nilipokuwa mtoto tuliambiwa tuchore ufalme wa Mungu, nami nikachora uwanja wa ndege. Ndipo mahali pekee penye taa nyingi nilipopajua, penye uzio na walinzi getini, na watu waliobahatika wakipaa juu ya ziwa na kutuacha tumeshika nyavu za uzio. Nilipewa alama nzuri. Nimekua na picha hiyo bila kuichunguza: ufalme ni safari, na wengi tutabaki tunachungulia. Maneno ya mama yaliing'oa ukutani. Kama ufalme ni kitu kinachokuja, basi mahali pa kuupokea ni hapa penye mawe, na kuna kazi ya kufanya.

Mwenyekiti hakukubali siku hiyo, wala hakukataa. Alisema atafikiri. Ijumaa machela iliegemezwa ukutani kwetu bila mtu kubisha hodi.

Niliisugua kwa sabuni na majivu. Ni kitu cha kawaida kabisa, mbao na kamba na mipini minne iliyong'arishwa na viganja vya watu, lakini nilibadilisha maji mara tatu. Kwenye kamba palikuwa na ua moja la plastiki lililonasa. Nilitaka kulificha. Mama alikuwa ananitazama kutoka kitandani.

"Litoe tu," alisema. "Na ukimaliza, tandika lile blanketi jekundu. Sitaki nyeupe."

Jumamosi mvua ilinyesha. Jumapili asubuhi mawe yaling'aa kama migongo ya viboko. Walikuja wanaume sita: mwenyekiti, katekista, waumini wengine watatu, na Mwislamu muuza mkaa ambaye alisema ameitwa na mke wake, siyo na sisi. Tulimfunga mama kwa vitenge kiunoni na mapajani. Alivaa gauni la sikukuu na kilemba cha bluu, akaikumbatia rozari na mkoba wake.

"Mkoba wa nini tena, mwalimu?"

"Nakwenda kanisani, siendi kaburini. Inueni."

Wakainua. Hapo ndipo kosa lilipoanza, na hakuna aliyeligundua, kwa sababu lilikuwa ndani ya miili yetu. Walimbeba kama walivyozoea kubeba: miguu mbele, hatua fupi, kimya. Mimi nilifuata nyuma na viatu vyake mkononi, na nyuma yangu akina mama wa jumuiya, wakiwa wamejitanda khanga kwa sababu ya baridi. Mlima ulituona tunakuja, ukafanya ambacho mlima hufanya.

Mwanamke aliyekuwa anapika maandazi akaipua karai. Duka la kwanza likashusha mlango nusu. Redio zikazimwa, moja baada ya nyingine, mpaka nikasikia mawimbi ya ziwa ambayo huwa hayasikiki pale. Kule chini yetu, kwenye bomba la maji, watu walitua ndoo, wanaume wakavua kofia, na bodaboda mmoja akashuka kwenye pikipiki na kufanya ishara ya msalaba. Kisha mama mmoja wa Kijita, rafiki wa mama wa siku nyingi, alitoka nyumbani kwake, akakitambua kilemba kile cha bluu, akapiga yowe na kujitupa chini.

"Jamani mwalimu! Mwalimu ametutoka!"

Wengine wakaitikia. Kilio kikapanda kati ya mawe.

Mwenyekiti akaganda. Mtelezo ulikuwa mbaya, hakuweza kugeuka. "Mayu," alisema kwa kunong'ona, "wanakulilia."

"Nasikia," alisema mama, akajinyanyua kwa kiwiko. "Wewe! Acha kulia, utaharibu sauti, ulinizawadia kikapu cha samaki wabichi juzi na sijakushukuru!"

Yowe lilikatika katikati. Yule mama alibaki amekaa kwenye tope, mikono kichwani, mdomo wazi. Kijana mmoja alikimbia moja kwa moja, akapotea nyuma ya choo. Halafu mtu akacheka, sijui nani, na kicheko kikateremka mlima mzima mbele yetu.

"Mwalimu, umetuua!"

"Bado. Nakwenda kusali. Shikamoo zenu ziko wapi?"

"Shikamoo, mwalimu!"

"Marahaba. Ingizeni mabega, hawa wamechoka."

Na wakaingiza. Yule bodaboda akaiacha pikipiki yake bombani, akapanda kutupokea. Palipo pembamba kuliko pote, kati ya mawe mawili yanayokaribia kugusana, ambapo jeneza husimamishwa wima ili lipite, mama alikataa kusimamishwa. Walimfungua, akateleza akiwa amekaa, mikono ya watu ikampokea upande wa pili. Kutoka hapo tulikwenda kwa kelele na utani mpaka chini, mpaka barabarani, mpaka ndani ya kanisa.

Sitasimulia Misa yote. Nitasema tu kwamba machela iliwekwa kwenye njia ya kati, mahali pale pale inapowekwa siku zile nyingine, na mtu aliyekuwa juu yake aliimba. Maandamano ya Ekaristi yalipotoka kwenda kuzunguka mtaa, padre alisimama mbele ya mama kidogo zaidi ya ilivyo kawaida.

Kaka alikuwa amefika katikati ya mahubiri. Alimkumbatia mama nje, macho yakiwa mekundu, kwa kuwa alikuwa ameambiwa tayari habari za kilio. Nyuma yake gari lilikuwa limefunguliwa mlango, na kwenye kiti cha nyuma alikuwa ametandika godoro.

"Umeshuka, mama. Nimeona. Sasa tupumzike Usagara."

"Nimeshuka. Sijarudi."

Mama alimtafuta mwenyekiti kwa macho. Mwenyekiti alikuwa amesimama kando ya machela, anakuna kichwa, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyesahau kitu kikubwa nyumbani. Nilielewa kabla hajafungua mdomo. Tulipanga blanketi, tulipanga vitenge, tulipanga watu wa kumpokezana. Hakuna hata mmoja wetu aliyepanga kurudi. Machela ile ilikuwa haijawahi kupanda na mtu. Huwa inarudi tupu, kijana mmoja ameitupia begani.

"Mwalimu," alisema, "kushuka tunajua. Kupanda hatujawahi. Pale penye mawe mawili uliteleza. Huwezi kuteleza kwenda juu. Na vijana wote wameshatawanyika, leo ni sikukuu." Alikuwa anaona aibu ya kweli. "Nenda na mwanao kwa sasa, mayu. Tutajipanga."

Kaka alinishika mkono. "Mwambie," aliniambia. "Wewe anakusikiliza."

Nilimtazama mama. Nilijua akiingia kwenye gari lile, hiyo "kwa sasa" ya mwenyekiti ingekuwa miezi, na miezi ingekuwa maisha, na nyumba yetu ingebaki na jiwe lake la jikoni. Nilijua pia kwamba amechoka, midomo yake ilikuwa imekauka.

"Atapanda," nilisema.

"Utambeba wewe?"

"Nitaanza."

Tulimpeleka kwa machela mpaka mwanzo wa mlima, mimi, kaka, mwenyekiti na katekista, kaka akinung'unika njia nzima. Kwenye jiwe la kwanza mama akasema, "Niwekeni chini." Akajifungua vitenge mwenyewe. Akageuka, akakaa kwenye lile jiwe na kuipa mgongo njia ya juu, akakita viganja viwili nyuma yake, akajisukuma. Makalio yakapanda ngazi moja. Akakita tena. Gauni la sikukuu lilichafuka tope mpaka kiunoni. Miguu ilimfuata kama mizigo ya mtu mwingine, na mimi nikawa naiinua, mmoja baada ya mwingine, na kuiweka alipofika.

"Mama, acha," kaka alisema. "Watu wanatazama."

"Waache watazame. Nimewafundisha kutazama."

Walitazama kweli. Na halikuwa tukio zuri, nisidanganye. Alikuwa anahema, na mara moja aliteleza akaumia kiwiko, akasema neno ambalo sikujua kama analijua. Lakini kwenye bomba la maji muuza mkaa alitokea akiwa bado anatafuna, akafuata bodaboda wa asubuhi, akafuata yule mama wa Kijita aliyemlilia, amebadilisha nguo. Hakuna aliyepiga ngoma kuwaita. Wakaanza kubishana.

"Kichwa kitangulie, kichwa!"

"Kichwa kikitangulia ni kama mnamtoa, siyo kumzika."

"Si ndicho tunachofanya?"

"Wafupi waje juu, warefu wabaki chini, machela ikae sawa."

"Nani mfupi hapa?"

"Wewe!"

Wakamlaza tena, kichwa juu, akawa anapanda huku ameliangalia ziwa. Mwenyekiti alielekeza kwa ile sauti yake ya kiwandani. Kwenye mawe mawili walipanga mstari wa watu juu ya mwamba wenyewe, na wa chini akamwinua kwa makwapa akampa wa kati, wa kati akampa wa juu. Aliyekuwa wa chini, aliyepokea uzito wote begani, shati lake la sikukuu likiraruka, alikuwa kaka yangu.

"Mama, mzito!"

"Umenilisha mwenyewe. Sukuma."

Tulifika. Walimweka kwenye kiti chake mlangoni, wakatawanyika wakilaumiana kwa furaha, na mwenyekiti akaniambia kwamba machela ibaki kwetu kwa sasa, kuipandisha na kuishusha bure ni upumbavu. Kaka alikuwa amelala chali sakafuni, mikono ameitandaza, anahema kama samaki. Alilitazama paa kwa muda, halafu akamtazama mama, na hakusema neno, kama alivyoahidi.

Mama alikuwa anavua kilemba. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka, nami nilikuwa naviosha kwa maji ya uvuguvugu.

"Jumapili ijayo ni ya kwanza ya Majilio," alimwambia kaka. "Misa ni asubuhi. Uje mapema, na uache hivyo viatu vya ngozi, vinateleza."

Kaka alifumba macho. "Saa ngapi?" akauliza.